Ombi la Kimya la Lorene Petty

Mwanamke wa idara ya watoto alifika siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, Lorene Petty akiwa amekaa jikoni anachambua maharage. Aligonga mlango wa mbele. Katika mji wa Pruett mlango wa mbele hugongwa na polisi, na wahubiri wa madhehebu mengine, na watu wanaokuja kusema kwamba fulani amefariki. Wengine wote hupitia nyuma, na huwa wameshaanza kuongea kabla hawajaingia. Kwa hiyo Lorene alijua kuna shari hata kabla hajafungua.

"Habari za asubuhi, mama. Naitwa Alma Trevizo, natoka idara ya jimbo ya ulinzi wa watoto. Nimewakuta Bwana na Bibi Petty?"

"Wako kazini. Mimi ni mama yake Grady. Kuna nini?"

"Tumepokea taarifa kuhusu mtoto wa nyumba hii. Siwezi kusema zaidi mpaka nionane na wazazi." Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, viatu vimejaa vumbi, na aliongea kwa adabu ya mtu aliyezoea kufungiwa milango usoni. "Mtoto mwenyewe nimeshazungumza naye shuleni asubuhi hii."

Lorene alishika fremu ya mlango.

Mtoto huyo alikuwa na miaka kumi na mitano. Alizaliwa msichana, akapewa jina la Maribeth, na tangu mwaka uliopita alikuwa akisema yeye si msichana na aitwe Reid. Baba yake aliendelea kumwita Maribeth. Mama yake, Shawna, alimwita Reid wakiwa wawili tu, na mbele ya mumewe hakumwita chochote. Lorene alimwita "mpenzi", kama alivyomwita mbwa wake na karani wa benki. Neno pekee ambalo watu wazima wote watatu waliliafiki lilikuwa "mtoto", basi na sisi tulishike hilo. Hata hivyo Kiswahili kimetuokoa. Lugha yao, Kiingereza, hairuhusu kusema kwamba mwenzako ametoka au ameingia bila kwanza kutangaza kama ni mwanamume au mwanamke, na katika nyumba ile silabi moja tu iliweza kuharibu chakula cha jioni kizima.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mfupi kueleza na mrefu kuuishi. Mtoto alitaka sindano za homoni. Mwezi wa Aprili Shawna alimpeleka Dallas kwa daktari kuuliza, akamwambia mumewe kwamba wanakwenda kutazama meno. Daktari hakutoa dawa. Alitoa karatasi, akasema warudi na baba. Grady alipoziona karatasi zile alisema hapana, na akaisema kwa sauti ambayo ng'ombe wa jirani waliisikia. Na mwaka ule, 2022, wakubwa wa jimbo la Texas walikuwa wametangaza tangu Februari kwamba kumpa mtoto dawa kama hizo kunaweza kuhesabiwa ni kumtesa, na wazazi wachunguzwe.

Mgeni alipoondoka, Lorene alirudi kwenye maharage yake. Alichambua bakuli zima, mabaya na mazuri, akayarudisha yote pamoja.

Saa nane mchana Wilma Jean Stroud aliingia kwa mlango wa nyuma na bakuli la tambi na kuku, limefunikwa vizuri, na chini yake kumebandikwa utepe wenye jina lake ili lisipotelee kwa watu. Lorene aliliangalia bakuli. Bakuli kama lile hupelekwa kwa wafiwa na kwa waliofanyiwa upasuaji.

"Nani amekuambia?"

"Gari la serikali limekaa mbele ya nyumba yako dakika ishirini, Dada Lorene, halafu unaniuliza nani ameniambia?" Wilma Jean alijivutia kiti. "Ni zile sindano?"

"Sindano gani?"

"Za mtoto. Si wewe mwenyewe ulizitaja?"

Hapo ndipo Lorene alipoanza kuelewa, na alielewa polepole, kama mtu anayesikia harufu ya kuungua akakumbuka nani alikuwa na sufuria jikoni.

Kanisa lao la Wabaptisti lilikuwa na mnyororo wa maombi. Mwenye shida alimpigia simu Wilma Jean, Wilma Jean akampigia Nadine, Nadine akampigia Opal, hivyo hivyo hadi kwa wanawake kumi na wanne, na kabla ya chakula cha mchana shida yako ilikuwa imefikishwa mbinguni na mitaa yote ya njiani. Mwenye shida ya aibu naye alikuwa na njia yake. Alisema tu, "Ni ombi la kimya," na wenzake waliomba bila kujua wanaomba nini. Wiki mbili nyuma, baada ya usiku wa makelele kati ya Grady na Shawna, Lorene alipiga simu akasema ni ombi la kimya. Angekomea hapo. Lakini Wilma Jean aliuliza kama kuna mgonjwa, na Lorene, asitake watu wadhani ni saratani, akaongeza, "Hapana, si ugonjwa. Ni mambo ya sindano za mtoto, wazazi hawaelewani."

Alikuwa na maana ya sindano ambazo mtoto alizitaka na hajazipata.

"Ulimwambia nini Nadine?" akauliza sasa.

"Nilivyoambiwa. Kwamba kuna sindano za mtoto."

"Na Nadine?"

"Nadine nasikia alisema mtoto yuko kwenye sindano." Wilma Jean alianza kukunja kitambaa cha meza. "Na Opal akasema wazazi wanamdunga. Lakini Opal siku hizi hasikii vizuri, unajua."

"Na aliyewapigia idara?"

"Simjui, na ningemjua nisingekutajia. Sheria yetu inamlazimisha kila mtu kuripoti akidhani mtoto anaumizwa. Huenda aliyepiga alipiga huku analia." Akaguna. "Si ombi la kimya hilo, Dada Lorene. Ombi la kimya halina maelezo. Wewe ulitia maelezo."

Watu husema mdomo huponza kichwa. Wa Lorene ulikuwa umeponza kichwa cha mtu mwingine, kichwa alichokiosha kwenye sinki ile ile tangu kina nywele tatu, na hilo lilimchoma kuliko kama angekuwa anasakwa yeye. Alimwomba Wilma Jean aende na bakuli lake. Wilma Jean alikwenda, bakuli likabaki, maana chakula hakina kosa.

Mtoto alirudi na basi la shule saa tisa na nusu, akakaa mezani bila kuvua begi mgongoni.

"Waliniita kwa kipaza sauti, Bibi. Jina zima. Maribeth Ann Petty, ofisini. Hata wapishi wamesikia."

"Huyo mwanamke alikuuliza nini?"

"Kama tunakula. Kama Baba ananipiga. Kama kuna mtu ananidunga sindano. Nikamwambia natamani." Mtoto akacheka kidogo, kisha akaacha. "Haikuwa busara kusema hivyo, eh?"

"Sijui, mpenzi."

"Akaniuliza pia napenda kuitwa nani. Unajua ni mtu wa kwanza kuniuliza? Mama nilimwambia mwenyewe. Baba nilimwambia mwenyewe. Nimengoja mwaka mzima mtu aniulize, na anayekuja kuuliza ni yule aliyetumwa kunichukua."

"Hajatumwa kukuchukua."

"Wanaweza, lakini?"

Lorene alitaka kusema hawawezi. Alikuwa amemdanganya mtoto huyu mara nyingi kwa mapenzi, kuhusu paka aliyehamia shamba jingine na kuhusu maini yaliyoitwa nyama ya kawaida. Safari hii hakudanganya.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuweka kwenye mnyororo wa maombi, nikaongeza neno, na neno likazaa."

Mtoto alimtazama. Sura ile ilikuwa ya Grady alipokuwa na umri huo: ukaidi wote ule na chunusi mbili kidevuni.

"Uliwaambia mabibi kumi na wanne habari zangu."

"Ndiyo."

"Uliwaambia waombe nini?"

Hapo pia angeweza kudanganya. "Mwanzoni niliomba ubadilishe mawazo," akasema Lorene. "Sikufichi, bado naona wewe ni mdogo mno kwa jambo kubwa kama hilo. Lakini siku hizi nikipiga magoti naomba tu usiondoke."

"Niende wapi?"

"Kokote."

Mtoto alivua begi, akafunua bakuli la Wilma Jean, akachukua uma akaanza kula tambi zikiwa baridi, kwenye bakuli lile lile, bila sahani. Hakusema amemsamehe. Baada ya uma wa nne alisukuma bakuli katikati ya meza, upande wa bibi yake, na Lorene naye akachukua uma.

Alma Trevizo alirudi Ijumaa jioni, wazazi wakiwepo. Grady alikuwa ametoka kiwanda cha pamba na nyuzi za pamba bado ziko kwenye nywele. Shawna alikuwa na nguo za kazi za kliniki ya meno, na kwa siku mbili alikuwa amesafisha nyumba kana kwamba uchafu ndio ulioshitakiwa. Mgeni alitazama kitanda cha mtoto. Alifungua kabati la dawa, akasoma chupa ya dawa ya kikohozi na mafuta ya viungo ya Lorene, akaandika. Alifungua friji, akaandika. Shawna alisimama nyuma yake na mikono amekunja, uso mwekundu, akieleza kwamba maziwa yale tarehe yake bado siku moja.

Kisha wakatoka baraza la nyuma, ambako kulikuwa na friji la zamani la Grady. Mgeni alivuta mlango. Ndani mlikuwa na bia sita, na juu ya bia pakiti ya sindano kubwa za plastiki, na chupa nne za dawa.

Mgeni alichukua chupa moja.

"Hizi ni za nani?"

"Za ndama," akasema Grady.

"Ndama gani?"

"Ndama wangu. Ni chanjo. Ina picha ya ng'ombe hapo kwenye chupa, bi."

Alma Trevizo aliigeuza chupa. Ng'ombe alikuwepo. "Naweza kuwaona hao ndama?"

Kwa hiyo mtumishi wa serikali ya Texas aliteremka kwenye zizi na viatu vyake vya ofisini kuhesabu ndama, na Grady Petty, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu ambaye hajawahi kupata hata faini ya mwendo kasi, akasimama kando yake akiwataja mmoja mmoja ili aonekane mkweli. Walikuwa saba. Mgeni aliandika saba. Lorene aliyaona haya kupitia dirishani, na aibu ya mwanawe ikampanda mwilini mwake mwenyewe.

Baada ya hapo walihojiwa mmoja mmoja jikoni. Chumba cha Lorene kimepakana na jikoni kwa ukuta wa mbao nyembamba. Hakutega sikio, wala hakulihamisha.

"Bwana Petty, mkeo amenieleza kwamba alimpeleka mtoto Dallas mwezi wa Aprili. Ulijua?"

"Nilijua baadaye."

"Ulikubali?"

"Hapana. Na sijakubali mpaka leo. Ana miaka kumi na mitano. Mwaka juzi aliapa hatakula nyama maisha yake yote, akamaliza siku tisa. Sisemi hili ni kama lile. Nasema mwili wake ni mmoja, na mimi ndiye ninayetakiwa kuulinda mpaka akue."

"Kwa hiyo mkeo alikwenda bila idhini yako." Kalamu ilikuwa ikikwaruza. "Kwa maoni yako, alimweka mtoto hatarini?"

Lorene alishika ukingo wa kitanda. Njia ilikuwa wazi mbele ya mwanawe. Neno moja tu, na lawama yote ingehamia kwa Shawna. Baba angetoka safi, baba anayefikiri sawasawa na jimbo lake. Na Grady alikuwa na hasira za kutosha. Lorene alikuwa amezisikia kwa wiki tatu kupitia ukuta huu huu.

Kupitia ukuta alisikia Grady akivuta kiti karibu na meza.

"Mke wangu alimpeleka mtoto wake kwa daktari akaulize swali," akasema Grady hatimaye. "Amemkuta bafuni analia mara nyingi kuliko nilivyomkuta mimi, na aliogopa. Alinidanganya, na hilo mimi na yeye tutalimaliza. Lakini hatarini hakumweka. Sikiliza, bi, sitafuti ugomvi na wewe. Hapana yangu ni yangu, na ndiyo yake ni yake, na tutabishana hapa mezani mpaka mmoja achoke. Yule wa Dallas asije kunimalizia ubishi huo, na nyie msije kunimalizia."

"Naandika hivyo?"

"Andika."

Lorene alikuwa ameshasimama. Hakungoja zamu yake. Alifungua mlango wa jikoni, nywele za nyuma zimelala upande mmoja kwa kuegemea ukuta, akasema, "Mimi ndiye chanzo," na akaeleza yote: ombi la kimya, Wilma Jean, Nadine, Opal na masikio yake. Grady alikaa kinywa wazi. Shawna, aliyekuwa barazani, alisogea hadi kwenye wavu wa mlango.

Alma Trevizo alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna sindano."

"Zipo za ndama," akasema Lorene.

Mgeni alishusha kalamu, na kwa mara ya kwanza uso wake ukawa wa mtu aliyechoka tu. "Mama yangu yuko kwenye kundi kama hilo," akasema. "Wao ni Wakatoliki, wanasali rozari. Mimi nilipoachana na mchumba wangu, shangazi zangu wa El Paso walijua kabla yake." Kisha akajikumbuka. "Siwezi kuwaahidi kitu. Wakubwa wangu ndio wanaofunga faili."

Alipoondoka, Grady alishuka zizini akakaa huko hadi giza lilipoingia. Shawna ndiye aliyebaki jikoni, na hakupiga kelele, ambayo ingekuwa nafuu.

"Kumi na wanne, Mama Lorene. Umewaambia watu kumi na wanne kabla hujaniuliza mimi mwenyewe kule Dallas nilikwenda kuuliza nini."

"Najua."

"Ungeniuliza ningekuambia. Hata mimi naogopa. Siku daktari aliponipa zile karatasi nilikaa ndani ya gari saa nzima nashindwa kuwasha."

"Nakuuliza sasa," akasema Lorene, na Shawna akavuta kiti.

Wiki saba zilipita bila jibu. Ni katika wiki hizo ndipo Lorene alipojua ya kuwa kuna amani inayotisha kuliko vita. Wote walikuwa na adabu. Grady alisema tafadhali nipitishie chumvi. Shawna alisema asante mpenzi. Mtoto aliosha vyombo bila kuambiwa, akatandika kitanda kila asubuhi asijue nani ataingia kukikagua, akaongea kwa sauti ya chini kama mgeni aliyelala ugenini na hataki kuwachosha wenyeji. Hakuna aliyetaja Dallas. Hakuna aliyetaja jina lolote, la zamani wala jipya. Gari lolote lililopunguza mwendo mbele ya nyumba liliwafanya wote wanne waache kutafuna.

Barua ilikuja Julai, siku ya Jumanne. Grady aliifungua akiwa amesimama kwenye kisanduku cha barua, juani. Lorene na Shawna walimwona kutoka barazani akiisoma, akiigeuza nyuma ambako hakuna kitu, akiisoma tena. Kisha alivua kofia, akajifuta uso kwa kofia hiyo, akaja anatembea haraka, na kabla hajafika akaanza kukimbia.

"Wamefunga," akasema. "Madai hayakuthibitishwa. Wamefunga, Shawna."

Shawna alikaa chini pale pale kwenye ngazi, akalia kwa sauti. Grady alikaa kando yake. Lorene alimshukuru Mungu wazi wazi, bila mnyororo. Furaha ile iliwalegeza viungo mpaka hakuna aliyekumbuka kuzima jiko, na mkate wa mahindi ukaungua chini.

Jioni waliula hivyo hivyo, wakakwangua weusi. Grady alimpa mtoto barua aisome mwenyewe. Mtoto aliisoma, akaikunja vizuri, akaiweka kando ya sahani.

"Kwa hiyo tunaweza kuongea?" akauliza.

"Kuongea nini?"

"Unajua nini, Baba."

"Barua imekuja leo. Tuwe na jioni moja ya raha."

"Nimekuwa na adabu wiki saba. Nimetandika kitanda."

"Unatakiwa kutandika kitanda siku zote," akasema Grady. "Na jibu langu ni lile lile."

"Hujasoma hata karatasi moja aliyoleta Mama."

"Nimesoma mbili."

"Zilikuwa kumi na moja," akasema Shawna.

"Wewe usiingie."

"Niko ndani tayari, Grady. Mimi ndiye niliyezileta."

"Nikifika kumi na minane nitakwenda mwenyewe," akasema mtoto, "na hutakuwa na la kusema."

"Ukifika kumi na minane nitakuwa na la kusema mpaka nikufuate nalo kwenye gari. Lakini ni miaka mitatu hiyo, Mari—" Grady akanyamaza. Akajaribu upya, na jina halikutoka, la zamani wala jipya. "Ni miaka mitatu, mtoto wangu. Nitazisoma zote kumi na moja. Kusoma si kukubali."

"Hutasoma."

"Nimesema nitasoma."

"Ulisema hivyo hivyo Aprili."

Mtoto alisukuma kiti kikaanguka, akapita mezani, akapanda ngazi kwa kishindo, mbili mbili. Juu kule mlango wa chumba ulibamizwa kwa nguvu hata vikombe kabatini vikagongana.

Grady alikuwa ameshafungua mdomo kumkaripia. Akabaki hivyo. Shawna alitazama dari. Juu yao waliisikia miguu ikizunguka huku na huku kwa hasira, kisha springi za kitanda zikilalamika mtu alipojitupa.

"Basi yupo nyumbani," akasema Grady, na sauti yake ikakatika katikati. Lorene aliinuka akasimamisha kiti, akajaza sahani ya mtoto maharage, akaifunika, akaanza kupanda nayo ngazi. Alipofika kwenye mlango ule uliofungwa alisimama, akapumzika, akagonga.

"Ni bibi yako," akasema. "Nimekuja kuuliza. Unataka nikuite nani?"